Kuchagua sampuli ya utafiti, kuanzia orodha hadi wastani

Wanafunzi wanaoandaa utafiti huanza na swali lilelile: "Nihoji watu wangapi?" Hilo ni swali la tatu; kabla yake kuna kundi lengwa na orodha ya majina. Tuchukue mfano wa kubuni: sekondari yenye wanafunzi 800, nawe unataka kujua wanatumia shilingi ngapi kwa chakula cha mchana.

Hatua ya 1: Taja kundi lengwa. Ni wale wote unaotaka kuwasemea, hapa N = 800. Ukiwafikia wote umefanya sensa, kama ile ya Tanzania ya mwaka 2022 iliyohesabu watu 61,741,120. Ukichukua baadhi, hao ni sampuli, yaani n.

Hatua ya 2: Tafuta orodha. Hapa usiwe na haraka. Fremu ya sampuli ni orodha utakayochomoa majina. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni takriban milioni 10, zikarudi kama milioni 2.4, likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati uchumi umeanguka na maskini hawana simu wala gari. Tena, wengi waliotumiwa hawakujibu. Huo ndio upendeleo wa sampuli, na wingi wa majibu hauutibu. Kwa hiyo tumia daftari la mahudhurio la madarasa yote. Ukitumia orodha ya wateja wa kantini, wanaoshinda njaa hawamo.

Hatua ya 3: Kokotoa ukubwa. Wengi hutumia fomula ya Yamane: n = N ÷ (1 + N × e²). Herufi e ni kiasi cha kosa unachokubali. Kwa kosa la asilimia 5, yaani e = 0.05, tunapata 800 ÷ 3, sawa na 267 baada ya kukadiria. Fomula hii inadai uteuzi nasibu, yaani kuchagua kwa bahati bila kupendelea. Kuipachika kwenye ripoti kisha ukahoji marafiki zako ni mapambo tu.

Hatua ya 4: Chagua. Katika uteuzi nasibu rahisi kila jina lina nafasi sawa. Karatasi ndani ya ndoo zinatosha. Katika uteuzi wa kimfumo, gawa 800 kwa 267, upate nafasi ya 3. Piga kura kati ya 1, 2 na 3. Ikitoka 2, chukua wa 2, wa 5, wa 8, hadi wa 800. Kagua orodha kwanza: kama imeandikwa dawati kwa dawati, watatu watatu, kiranja akitangulia, unaweza kuzoa viranja watupu. Katika uteuzi wa kitabaka unagawa kwanza: wasichana 480 na wavulana 320 watatoa 160 na 107. Uliowakuta getini ni sampuli ya urahisi. Iite hivyo kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Fupisha majibu. Tuseme watano wa kwanza wametaja 1,500, 2,000, 2,000, 2,500 na 12,000. Wastani ni 4,000. Namba ya katikati ni 2,000, na modi, yaani inayojirudia zaidi, ni hiyohiyo 2,000. Mmoja tu ameupandisha wastani. Andika vipimo vyote, la sivyo msomaji atadhani watoto wanakula pilau kila siku.