Kufunga AP ya waifai kwa ofisi ya nyumbani: vuta waya kwanza

Nyumba nyingi ninazoitwa hapa Dar es Salaam lalamiko ni lilelile: sebuleni intaneti inakimbia, chumba cha kazi inakufa. Mara nyingi mwenye nyumba ameshapandisha kifurushi, na hali haijabadilika hata kidogo. Haiwezi kubadilika, kwa sababu tatizo ni ukuta. Faiba huingizwa upande wa barabarani iliko nguzo, ruta inaachwa juu ya kabati la TV, halafu mtu anaenda kufanyia kazi chumba cha nyuma au banda la uani. Katikati kuna kuta tatu za tofali la inchi sita, lenta yenye nondo, grili za madirisha na pengine kabati la nguo lenye kioo mlango mzima. Kioo kile kina rangi ya madini kwa nyuma, nayo inarudisha mawimbi yalikotoka.

Dawa yake ni AP, kifaa kinachopokea intaneti kwa waya kutoka kwenye ruta na kuitoa kwa waifai pale unapokaa. Usichanganye na kirudishio cha waifai, kile kidude cha kuchomeka ukutani ambacho madukani wanakiita ekstenda. Hicho kinasikiliza mawimbi ya ruta kisha kinayarudia, na kama kina redio moja tu, kila kitu kinapita hewani mara mbili, kwa hiyo kasi inashuka hadi karibu nusu. Zaidi ya hapo, kinahitaji kuwekwa mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri, na chumba chako cha kazi si mahali hapo. Fundi akikuambia "weka ekstenda tu, bosi", muulize ataiweka wapi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Simama karibu na ruta, pima kasi kwa simu. Nenda chumba cha kazi, funga mlango, pima tena. Watu hupima mlango ukiwa wazi, kisha hufanya vikao wakiwa wameufunga. Kama hata pale kwenye ruta kasi ni mbovu, acha kusoma hapa uongee na anayekuuzia intaneti, maana AP haitengenezi kasi ambayo haipo.

Kasi peke yake inadanganya, angalia pia nguvu ya mawimbi. Kwenye Android kuna programu nyingi za bure zinazoionyesha kwa dBm. Kwenye kompyuta ya Mac, shikilia kitufe cha Option na ubofye alama ya waifai. Namba ni hasi, na inayokaribia sifuri ndiyo nzuri: -50 ni raha tupu, -67 mkutano wa video bado unakwenda vizuri, ikishuka hadi -75 sauti inaanza kukatika, na -80 hapo unajitesa tu.

Hatua ya 2: Chagua kifaa

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua AP halisi, ile ya duara inayokaa darini au ya kubandika ukutani. Ya pili ni kuchukua ruta ya zamani iliyolala kwenye droo na kuigeuza. Zote zinafanya kazi. Ruta ya zamani naikubali iwapo ina masafa ya 5 GHz na milango ya waya ya gigabiti (kasi ya Mbps 1000). Kama ni ya 2.4 GHz peke yake, iache ilale, mtaani kwenu kila nyumba inapigia kelele masafa hayo.

AP halisi ina faida moja kubwa: umeme wake unapita kwenye waya uleule wa data, mfumo unaoitwa PoE, kwa hiyo huhitaji soketi darini. Hapa soma maandishi ya kwenye boksi. PoE ya kawaida, ile ya 802.3af, hutuma volti kama 48, na kifaa cha kutuma huzungumza kwanza na AP kabla ya kufungulia umeme. Zipo nyingine za bei nafuu zinazosukuma volti 24 muda wote bila kuuliza. Ukichomeka kifaa kisichohitaji umeme huo kwenye adapta ya namna hiyo unaweza kukiunguza. Tumia adapta iliyokuja na AP yako, na usiazime ya jirani kwa sababu tu kichwa kimeingia.

Hatua ya 3: Waya, na hapa usiharakishe

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama utanipigia simu tena baada ya miezi mitatu.

Nunua kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Madukani kuna kebo nyingi za alumini iliyopakwa shaba, zimeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na bei yake inavutia. Kabla hujalipa, omba kipande, toa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini. Inakatika ukiikunja mara chache, na ukipitishia PoE inapoteza umeme mwingi njiani na kupata joto. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi katikati.

Urefu usikupe hofu: waya wa mtandao unaruhusiwa hadi mita 100, na nyumba ya kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Njia rahisi ni juu ya dari, kutokea nyuma ya kabati la TV, kupanda kwenye tranki ya plastiki, kuvuka silingi bodi na kushuka chumba cha kazi. Usipitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Na bati la dari wakati wa mchana wa Januari linachoma kweli, kwa hiyo usiulaze waya ukigusa bati, ufunge kwenye mbao.

Kama ofisi iko banda la uani, zika waya ndani ya bomba, na nunua ule wa nje wenye ganda jeusi linalostahimili jua na maji. Kwa walio kanda ya Ziwa, Mwanza, Bukoba na majirani zake, radi si mzaha: waya wa shaba unaounganisha majengo mawili ni njia nyingine ya radi kuingia ndani. Huko mimi hupendelea kuvuka uwanja kwa faiba, yenye vigeuzi viwili vidogo vya kutoka faiba kwenda waya wa kawaida, mwanzoni na mwishoni. Inaongeza gharama, ila faiba ya kioo haipitishi umeme.

Kubana vichwa vya RJ45, fuata mpangilio ambao mafundi tunauita B, klipu ikiwa chini na tundu la kuingizia waya likiwa upande wako, kuanzia kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Hakikisha ganda la nje la kebo limeingia ndani ya kichwa na kubanwa, zisishikwe nyuzi peke yake.

Ukimaliza, chomeka kompyuta mpakato kwenye ncha ya chumba cha kazi na uangalie kasi ya muunganiko. Iwe Mbps 1000. Ikionyesha 100 wakati vifaa vyote ni vya gigabiti, karibu kila mara ni uzi mmoja haujagusa. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu, ile ya gigabiti inataka zote nne, kwa hiyo waya wenye jozi iliyokufa unaendelea kufanya kazi kimyakimya, na wewe unalaumu kifurushi. Kata kichwa, bana upya.

Hatua ya 4: Mipangilio

Tafuta kwanza anwani (namba ya kifaa kwenye mtandao) ya ruta kubwa, yaani ile inayopokea intaneti. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na usome palipoandikwa Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na vifaa vingi vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1. Nitatumia ya kwanza kama mfano.

Kanuni ni hii: ndani ya nyumba anayegawa anwani awe mmoja, naye ni ruta kubwa. Ukiwa na wawili, leo printa inaonekana, kesho haionekani, simu ya mtoto inapata anwani isiyo na njia ya kutoka, na kila mtu anasema "mtandao una pepo".

Kama ni AP halisi, au ruta yenye chaguo la AP kwenye menyu yake, chagua hilo na kazi imekwisha karibu yote. Kama ni ruta ya zamani isiyo na chaguo hilo, iriseti kwanza kwa kubonyeza kitundu cha nyuma, kisha:

1. Unganisha kompyuta na ruta ya zamani peke yake, kwa waya, ikiwa haijagusana na ruta kubwa.
2. Andika anwani yake kwenye kivinjari, ingia kwenye mipangilio ya LAN (mtandao wa ndani), ipe anwani 192.168.1.2. Itakutoa nje, ingia tena kwa anwani hiyo mpya.
3. Weka jina la waifai na nywila (tazama hatua inayofuata).
4. Mwisho kabisa, zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Ukiizima mwanzoni, kompyuta inaweza kukosa anwani kabla hujamaliza.
5. Chomeka waya kutoka kwenye mlango wa LAN wa ruta kubwa kwenda mlango wa LAN wa ruta ya zamani. Ule mlango wa WAN, wa kuingizia intaneti, wenye rangi tofauti, uache wazi. Ukitumia WAN utakuwa na mitandao miwili ndani ya nyumba moja, intaneti itafika, lakini printa ya sebuleni hutaiona kutoka ofisini.

Hakikisha ruta kubwa haigawi 192.168.1.2 kwa kifaa kingine. Ingia kwenye DHCP yake, anza kugawa kutoka 192.168.1.100, namba za chini zibaki za vifaa vyako vya kudumu.

Hatua ya 5: Jina, nywila na chaneli

Jina na nywila viwe sawasawa na vya ruta kubwa, hadi herufi kubwa na ndogo, ili simu ihame yenyewe unapotembea kutoka sebuleni. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3, na zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila nywila. Badilisha pia nywila ya kuingilia mipangilio, isibaki admin.

Chaneli ndizo zinazotakiwa kutofautiana. Kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 tu, kwa upana wa 20 MHz. Ruta kubwa ikiwa 1, AP iwe 6 au 11. Utakutana na ushauri wa kuchagua 3 au 8 kwa sababu "hakuna mtu huko". Hakuna mtu kwa sababu hapo unasikia kelele za pande zote mbili. Kwenye 5 GHz nafasi ni kubwa: weka ruta 36 na AP 149, kama vifaa vyako vinaziruhusu. Sehemu ya nchi, chagua nchi uliyopo.

Halafu nguvu ya kurusha. Watu hupenda kuiweka juu kabisa. Mimi huishusha, hasa ya 2.4 GHz. Mawasiliano ni ya pande mbili, na simu yako ina redio dogo lisiloweza kupaza sauti kama AP. Ukipandisha nguvu ya AP, simu inaona pau zimejaa huku majibu yake hayafiki. Na simu ni ng'ang'anizi: itashikilia ruta ya sebuleni hadi mawimbi yaishe kabisa, wakati AP iko juu ya kichwa chako. Nguvu ya wastani pande zote mbili inailazimisha kuachia mapema.

Hatua ya 6: Mahali pa kuiweka

Darini, katikati ya chumba cha kazi, uso ukitazama chini. Hizi za duara zimetengenezwa kwa mkao huo. Ruta ya zamani iweke juu ya rafu, si nyuma ya kompyuta, si juu ya friji, si ndani ya kabati la chuma la mafaili. Tangi la maji pia linakula mawimbi.

Pima tena kama hatua ya kwanza, mlango ukiwa umefungwa. Ukikaa mezani unapaswa kuona -50 au karibu na hapo. Kisha anzisha simu ya video, utembee nayo hadi sebuleni. Ikikwama nusu sekunde katikati ya korido, ni sawa. Ikikatika kabisa, rudia kukagua jina na nywila. Nafasi moja tupu mwishoni mwa jina inatosha kuzifanya mbili tofauti.

Umeme ukikatika

Kompyuta mpakato ina betri, ruta haina. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, ile ya ukubwa wa kiganja, inaendesha ruta kwa saa kadhaa kutegemea betri yake, lakini soma volti ya kila kifaa nyuma yake kabla ya kuunganisha: AP ya PoE ya volti 48 haitawaka kwa UPS ya volti 12 isiyo na mlango wa PoE. Na hesabu kila kifaa kilicho njiani. Wengi huweka UPS kwenye ruta na AP, kisha wanasahau swichi ndogo ya mtandao iliyofichwa nyuma ya kabati la TV, na kifaa cha faiba kama kiko peke yake. Kimoja kikizimika hapo kati, AP itaendelea kuonyesha waifai imejaa, na hakuna ukurasa utakaofunguka.