Form four asikatiwe mazoezi, mpangilie hivi

Wazazi wengi mtoto akifika form four cha kwanza kumkataza ni mpira, eti asome. Jamani hapo mnamkosesha. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia miaka 5 hadi 17 mwili uchangamke wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki iwe ya kuhema kweli kweli.

Sasa pa kuyaweka ndo penyewe. Weka kabla ya kitabu, sio badala yake. Akirudi shule asikimbilie simu wala kitabu, aende akakimbie au aruke kamba kama dakika 20 hivi, aoge, ale, ndo akae na hesabu, maana baada ya mazoezi umakini unapanda kwa muda na huo muda ndo wa kuutumia kwa somo gumu. Asubuhi mchakamchaka wa shule unafanya kazi hiyo hiyo, asiukwepe.

Wasichana ndo wanaachia mapema zaidi, mnunulie raba na sidiria ya michezo, netiboli au hata rede inatosha kabisa.

Na walimu wangu, kuruka kichura kama adhabu acheni, mtoto anajifunza kuchukia mazoezi. Yule msumbufu wa darasani mpeni jezi, akitoa nguvu uwanjani hata hasira zinapungua na usiku analala vizuri. Alale masaa 8 mpaka 10, usiku wa manane asikimbizwe na notisi.