Zaburi kwa Anayeuguza

Anayemuuguza mzazi nyumbani kwa miezi mingi hugundua kwamba sala ndefu alizozizoea zinamshinda, kwa kuwa usiku wake hukatwakatwa na kikohozi, kumgeuza mgonjwa upande na kubadilisha shuka lililolowa. Badala ya kujilaumu kwamba imani imepoa, ni vyema aichukue Zaburi ya 13, yenye aya 6 tu, aisome kwa sauti ya chini wakati maji ya kumwogesha mgonjwa yanapochemka. Katika aya 2 za kwanza mwombaji anamuuliza Mungu "hata lini" mara 4, tena bila kuomba radhi kwa kuuliza, na mwishoni ndipo anapofikia kuzitaja fadhili alizozitumainia. Kwa siku ambayo hata tumaini hilo halionekani ipo Zaburi ya 88, inayoishia gizani; mimi naiheshimu sana kwa ukweli wake, ingawa sijawahi kuisikia ikichaguliwa harusini.

Baada ya kusoma, andika katika daftari tarehe na sentensi moja isiyopambwa, kwa mfano kwamba leo umemfokea mgonjwa kwa sababu ya uji aliomwaga kifuani. Usiyarudie maandishi hayo kila siku. Yasome tena baada ya mwezi mmoja, ukitafuta mambo madogo ya mikono na ulimi kuliko hisia kubwa za kiroho: pengine siku hizi uji ukimwagika unaufuta kimya, unachota kijiko kingine, na unaendelea kumlisha.