Dawa ya kuku haiwekwi akiba

Mara hii sigusi matandazo wala vyombo vya chakula, hayo mnayajua. Naandika kwa sababu ya pakiti niliyoikuta juzi kwenye banda moja Buswelu, imechomekwa kwenye wavu, mdomo umebanwa na kibanio cha nguo. Ndani unga wa OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria) umeshika unyevu, umekuwa mabonge. "Dokta," akasema mama mwenye kuku, "walichangamka siku ya pili, nikaona nisimalize, nikaweka akiba." Kuku walewale walikuwa wanaharisha tena, na akiba haikusaidia kitu.

Siku mbili za mwanzo hufa bakteria dhaifu, ndiyo maana kuku huchangamka. Wachache wanaoistahimili dawa kidogo hubaki. Ukiwaachia hapo, wanabaki wenye nyumba. Mahali pazuri, E. coli, bakteria wa tumboni, hugawanyika kila dakika 20 hivi, na usugu huo huurithisha watoto na hata kuwagawia bakteria wa aina nyingine. Tena OTC ni ukoo mmoja na doksisaiklini tunayoandikiwa sisi hospitali. Bakteria aliyeizoea moja mara nyingi huishinda na ya pili. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kuhusu dozi pungufu tangu 1945.

Sasa vipimo, na hapa ndipo mnaponichosha. Fuata karatasi ya pakiti yako, si ya jirani. Tuseme imeandika gramu 1 kwa lita 2, siku 5. Kuku wa mayai 100 hunywa lita 20 hadi 25 kwa siku, joto likikaza zaidi ya hapo. Lita 20 zinataka gramu 10. Kwa siku 5 ni gramu 50. Ukinunua pakiti ya gramu 20 umenunua dawa ya siku mbili, halafu unailaumu dawa! Na kijiko cha chai si mizani: mmoja anajaza kilima, mwingine anapangusa. Mwombe muuzaji akupimie gramu za kila siku kwenye vifuko.

Changanya upya kila asubuhi, mwaga ya jana, weka kivulini. Ondoa maji matupu yote bandani, maana kuku akionja uchungu atayakimbilia, na hapo dozi imeshapungua.

Mdondo (Newcastle) ni ugonjwa wa kirusi, si wa bakteria. OTC haiuui hata umwage ndoo nzima. Huo dawa yake ni chanjo kabla.

Mayai ya siku za dawa, pamoja na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, hayauzwi wala hayaliwi. Najua yanauma.

Dozi ikikaa sawa kinyesi kinashika na mayai yanarudi.

Siku ya tatu ikifika bila nafuu, usiongeze kipimo wala kuchanganya na dawa ya pili. Niite, au peleka kuku aliyekufa karibuni maabara ya mifugo ya TVLA hapa Mwanza, asubuhi hiyohiyo, kabla hajaoza.