Barua za Bure: Kukusanya Saini za Posta za Wanasiasa wa Zamani Ukiwa Dodoma

Barua ya bure ni ile iliyopita posta bila kulipiwa kwa sababu mwenye haki hiyo, mara nyingi mbunge, aliweka saini yake upande wa anwani. Uingereza ilikuwa na utaratibu huu tangu karne ya 17, ikaufuta tarehe 10 Januari 1840, na hata Malkia Victoria akaiachia haki yake. Marekani iliuanza 1775, na wabunge wake wakaukosa kuanzia 1 Julai 1873 kabla ya kurudishiwa baadaye. Barua zilizobaki ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Saini ya mbunge asiye na jina kubwa hupatikana kwa pauni chache, kwa hiyo mkusanyaji wa Dodoma mwenye kipato cha kawaida anaweza kuanza bila kujiumiza.

Anayeanza huikimbilia saini, na hapo ndipo fedha hupotea. Soma barua yote kwanza, saini iwe ya mwisho. Barua ya kweli hujithibitisha yenyewe: mwandiko, tarehe, mhuri na karatasi vinakubaliana. Kimoja kikikataa, acha mpaka upate sababu.

Kuisoma barua ya Uingereza

Kabla ya 1764 ilitosha neno "Free", yaani bure, na saini. Wabunge walisaini karatasi tupu wakazigawa kwa marafiki na wafanyabiashara, na posta ikapoteza mapato mengi. Sheria ya 1764 ilimtaka mbunge aandike anwani yote kwa mkono wake, na ile ya 1784 ikaongeza, juu ya anwani, mahali na tarehe, siku na mwezi vikiwa kwa maneno. Ndiyo maana barua ya miaka ya 1830 ina mstari wa juu kama "London March four 1831", anwani katikati, na saini kwenye kona ya chini kushoto. Vyote vitatu ni mkono mmoja na wino mmoja, ambao sasa umegeuka hudhurungi. Juu ya maandishi hayo utaona mhuri mwekundu wa duara wenye taji, mara nyingi umelalia jina la mpokeaji. Chukua kioo cha kukuzia mara 10 na utazame mahali mhuri unapokutana na wino: mhuri uligongwa posta, baada ya mbunge kumaliza kuandika. Wino wa saini ukionekana umepita juu ya wekundu wa mhuri, hiyo saini imeongezwa baadaye.

Mwandiko wa anwani ukitofautiana na wa saini baada ya 1764, uliza kwa nini. Wakuu wa baadhi ya ofisi za serikali walikuwa na haki pana zaidi, na karani ndiye aliyeandika anwani. Barua hizo kwa kawaida hutaja idara. Mbunge wa kawaida hakuwa na nafasi hiyo.

Mwaka 1795 masharti yalikazwa: barua 10 za kutuma na 15 za kupokea kwa siku, uzito usizidi wakia moja, yaani kama gramu 28, na mbunge awe ndani ya maili 20 kutoka mahali barua ilipotiwa posta. Aliyevuka idadi alitozwa. Karani alipiga mstari juu ya alama ya bure, akaandika gharama kwa wino, na wakati mwingine akagonga mhuri wa "Above Number", yaani idadi imepitwa. Wengi huziona barua hizi kama zimechafuliwa. Sisi tunaziweka mbele, kwa sababu zinaonyesha sheria ikifanya kazi, na kwa kawaida bei yake ni kubwa kuliko ya zile safi.

Saini zenyewe zina mitego. Malodi, yaani wajumbe wa baraza la juu la bunge la Uingereza, husaini kwa cheo peke yake: "Wellington", "Grey", "Melbourne". Cheo hurithiwa, kwa hiyo tarehe ndiyo inayokuambia ni nani. "Melbourne" ya kabla ya 1828 si ya waziri mkuu. Ni ya baba yake, maana mwana alikuwa bado akisaini kwa jina la ukoo, Lamb. Maaskofu nao walikaa kwenye Baraza la Malodi na walisaini kwa jina la dayosisi. "C. J. London" ni Blomfield, askofu wa London, na "W. Cantuar" ni Howley, askofu mkuu wa Canterbury. Usihangaike kumtafuta mbunge aitwaye London.

Marekani ni rahisi zaidi kusoma. Neno "Free" na saini hukaa kona ya juu kulia, na baada ya jina hufuata kifupisho cha wadhifa. "M.C." ni mjumbe wa Congress, bunge la Marekani, na "U.S.S." ni seneta. "P.M." ni msimamizi wa posta ya mji, ambaye naye alikuwa na haki ya bure, na barua zake ni nyingi na za bei ndogo. Wauzaji wasio waangalifu huwauzia wanaoanza "P.M." kama mwanasiasa mkubwa. Bahasha za Congress za siku hizi zina saini iliyopigwa chapa. Chini ya kioo mstari wake ni bapa, hauna mahali kalamu ilipokazwa wala ilipoinuliwa.

Chagua mada, usikusanye kila kitu

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki tunapendekeza wabunge waliopigania kukomesha utumwa, kwa sababu habari hiyo inatugusa na tarehe zake ni rahisi kuhakiki. William Wilberforce aliingia bungeni 1780 akaondoka 1825. Thomas Fowell Buxton aliwakilisha Weymouth kuanzia 1818 hadi 1837. Daniel O'Connell alichaguliwa mara ya kwanza 1828. Barua ya bure yenye saini ya Wilberforce ya mwaka 1830 haiwezekani, hata mwandiko ufanane kiasi gani. Vivyo hivyo ukiuziwa ya Henry Morton Stanley, yule aliyekatiza Ugogo 1871 akimtafuta Livingstone. Yeye alikuwa mbunge 1895 hadi 1900, zaidi ya miaka 50 baada ya haki kufutwa.

Utakuta kwamba nyingi sokoni ni vipande vya mbele tu. Wakusanyaji wa karne ya 19 walikata upande wa anwani wakabandika kwenye albamu, mengine wakayatupa. Anza na hivyo vipande, lakini pesa ikiruhusu nunua barua nzima, yenye lakiri na maneno ndani.

Kabla ya kulipa, omba picha nne: mbele, nyuma, ndani, na moja karatasi ikiwa imeshikwa mbele ya taa. Ile ya nne usiiache. Tangu 1794 watengenezaji wengi wa karatasi Uingereza waliweka mwaka kwenye alama ya maji, yaani alama iliyo ndani ya karatasi inayoonekana mbele ya mwanga, na karatasi ya 1818 haiwezi kubeba barua ya 1812. Mwambie muuzaji aitume kwa rejista, kati ya kadibodi mbili ngumu, na aandike thamani halisi kwenye fomu ya forodha. Thamani ya uongo hukuletea usumbufu posta, na ikipotea hulipwi.

Kuzitunza hapa Dodoma

Ukavu wetu unasaidia dhidi ya kuvu, lakini una gharama yake: mikunjo huwa migumu na hukatika. Barua iliyokunjwa miaka 200 usiifungue kwa nguvu mwezi wa Agosti. Ngoja msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, hewa ikiwa na unyevu kidogo, uifungue polepole juu ya meza safi. Nawa mikono na uikaushe. Glavu za pamba hupunguza hisia za vidole na kuchana kingo.

Wino wa zamani una madini ya chuma na asidi, nao hula karatasi taratibu. Usiloweshe, usipige pasi, usianike juani, na kamwe usifanye laminesheni. Selotepu huacha doa la njano lisilotoka. Weka kila barua kwenye mfuko wa poliesta, si ule wa plastiki laini unaonuka, kisha kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi. Andika maelezo kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: jina, jimbo, tarehe, bei na ulikonunua.

Boksi likae ndani ya kabati, mbali na dari ya bati na mbali na ukuta wa nje. Liinue angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa sababu mchwa hupanda kwenye nyufa za saruji kimyakimya. Kagua kila mwezi. Usipulize dawa ya wadudu juu ya karatasi. Ukishuku wadudu, funga barua kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, uiweke kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uiache saa 24 kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande utatua juu ya wino.

Ukitaka tawi la nyumbani, kusanya bahasha za serikali zilizogongwa mhuri wa Dodoma, Mpwapwa au Kondoa: zile za kikoloni zenye "On His Majesty's Service", na zile zenye stempu zilizochapwa neno OFFICIAL juu, zilizoanza kutumika Tanganyika 1959 na kuendelea baada ya uhuru na Muungano. Usizing'oe stempu; bahasha nzima ndiyo yenye habari. Nunua bahasha zilizotoka mikononi mwa wapokeaji au familia zao. Ukiletewa faili lenye namba ya masjala, usinunue hata kwa bei ya chee: nyaraka za umma zinalindwa na sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002, na Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kiko hapahapa Dodoma. Mwelekeze huko aliyelileta.