Kubebesha mwembe wa uani: kutoka kokwa hadi mti wenye mbegu mbili

Kila msimu wa maembe ukifika, kuna mtu ataniletea kokwa la embe aina ya Kent aliloliosha vizuri, anataka alipande apate mti wa maembe yale yale. Halitampa. Kokwa la Kent, kama la Keitt au Tommy Atkins, hutoa mche mmoja uliotokana na uchavushaji, na baba yake ni mwembe wowote uliokuwa jirani. Utaumwagilia miaka sita, saba, ndipo ujue umepata nini. Mbegu hizi zenye majina, yaani aina za maembe, huhama kwa kijiti. Kijiti hicho tunakiita kikonyo, na kazi ya kukiunganisha kwenye mche mwingine ndiyo kubebesha. Mti uliobebeshwa vizuri huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne.

Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya jirani yangu aliyehamia Chanika, Dar es Salaam, na kiwanja chenye nafasi ya mwembe mmoja tu. Wengine mtayatumia pia.

Hatua ya 1: Chagua kwa mdomo wako

Wauza miche watakusukumia Tommy. Ni embe la mfanyabiashara: ngozi ngumu, rangi ya kuvutia, linastahimili chule (ugonjwa wa madoa meusi) kuliko mengi, linafika sokoni bila kupondeka. Ila lina nyuzi na utamu wake ni wa kawaida. Wewe embe lako linasafiri kutoka uani hadi jikoni, ngozi ngumu ya nini? Tommy siipandi nyumbani.

Kent ni laini, karibu haina nyuzi. Keitt huchelewa kuiva, hivyo unakula wakati wenzako wamemaliza, na mara nyingi huiva ikiwa bado ya kijani. Watoto wa mtaa wanaliona bichi, wanapita zao. Apple ya Kenya ni tamu mno lakini hushambuliwa sana na ubwiriunga (ukungu mweupe kama unga) na chule, kwa hiyo kwenye unyevu wa pwani uwe na pampu ya kupulizia na usiwe mvivu. Dodo sina haja ya kumsifia mtu wa Dar es Salaam.

Kiwanja kidogo? Weka mbili kwenye mti mmoja: Dodo na Keitt.

Hatua ya 2: Otesha shina, yaani mche utakaobebeshwa

Chukua kokwa la embe la kienyeji lililoliwa juzijuzi, maana likikauka halioti. Fungua gamba kwa mkasi wa kupogolea bila kujeruhi kiini, panda kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche), mgongo juu. Ikichipua miche miwili au mitatu pamoja, bakiza wenye nguvu. Subiri shina lifike unene wa penseli.

Hatua ya 3: Kikonyo

Hapa ndipo miche mingi hufia, ingawa mtu huja kuilaumu mikono yake siku ya kufunga.

Kwanza, mti mzazi uwe unazaa, na uwe umeonja embe lake wewe mwenyewe. Usiambiwe.

Pili, chukua ncha ya tawi lisilotoa maua karibuni. Majani yake yawe yamekolea kijani. Yakiwa bado na wekundu, tawi ni changa, litanyauka. Kijicho cha nchani, pale chipukizi linapotokea, kiwe kimevimba lakini hakijafunguka. Kikifunguka umechelewa: majani mapya yatakunywa maji ya kijiti kabla hakijaungana na shina. Kikiwa kimelala kabisa, kikonyo kitakudanganya kwa kubaki kijani wiki nyingi, kisha kitakuwa cheusi.

Utakipataje kilichovimba vizuri? Usikisubiri, kiamshe. Siku 7 hadi 10 kabla ya kubebesha, panda kwenye mti mzazi ukate majani yote ya ncha ulizozichagua, ukiacha kishina kifupi cha kila jani. Kijiti kibaki mtini. Siku ukirudi, viguse vishina vile kwa kidole: vikidondoka vyenyewe, kikonyo kiko tayari. Vikigoma, vipe siku mbili tatu zaidi. Watu wengi huruka jambo hili kwa sababu linadai safari mbili kwa mwenye mti. Nendeni hizo mbili.

Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, funga kwenye gazeti lenye unyevu, kisha kwenye nailoni, weka kivulini. Usiviloweke kwenye ndoo ya maji. Bebesha siku hiyo hiyo ukiweza. Na masika yakiwa yamepamba moto, ahirisha. Maji yakiingia kwenye jeraha, panaoza.

Hatua ya 4: Kukata na kufunga

Kisu cha jikoni hapana, hata ukikinoa vipi. Wembe mtupu unapinda. Natumia kisu cha kukatia karatasi, kile cha kuvunja ncha, na kila baada ya miche michache navunja ncha mpya. Futa kwa spiriti.

Kata shina sentimita 20 hadi 25 kutoka udongoni, pale unene wake unapolingana na kikonyo, ukiacha majani ya chini. Pasua katikati, kina cha sentimita 3 hadi 4. Kikonyo kichonge kama kabari, kila upande kwa mkato mmoja mrefu. Ukianza kukwanguakwangua, uso unakuwa na mabonde. Laza bapa la kisu juu yake, elekeza kwenye mwanga: mwanga ukipenya, rudia.

Usiguse sehemu iliyokatwa. Ingiza haraka. Kinachoungana ni ule utando wa kijani chini ya gome, kwa hiyo unene usipolingana, linganisha upande mmoja na uache mwingine. Utomvu ufute mara moja, unaunguza ngozi.

Funga kwa utepe wa kiriba cheupe, kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika uliotangulia, maji yapate kuteleza nje. Kaza kweli. Mwisho vika kofia: vile vifuko virefu vyembamba vya kugandishia barafu, ukifunga mdomo chini ya kiungo. Weka kivulini.

Hatua ya 5: Kuvua

Matone ndani ya kofia ni kawaida. Majani yakifunguka, kama wiki ya tatu au ya nne, vua jioni, kamwe si saa sita mchana. Machipukizi ya chini ya kiungo yang'oe kila uyaonapo. Utepe ukate baada ya miezi miwili mitatu, la sivyo unanyonga shina.

Hatua ya 6: Ardhini

Shimo la sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza, mbali na karo na ukuta. Kata kilele mti ukifika karibu mita moja, utoe matawi. Maua ya mwaka wa kwanza yaondoe.

Hatua ya 7: Mbegu ya pili

Matawi yakifika unene wa penseli, bebesha Keitt kwenye mawili ya upande mmoja, kwa njia ile ile. Kofia hapo ivikwe karatasi ya gazeti juu yake, maana jua la uani litapika kikonyo. Andika majina kwenye vibati na uvifunge kwa waya uliolegea. Upande mmoja ukianza kuuzidi mwingine, upogoe mara tu baada ya kuchuma, usingoje maua yatoke.