Somo: Chumba cha Lamu kwa maboksi na vijiti vya mishikaki (Gredi ya 4 na 5)

Walimu wenzangu, mara ya kwanza nilianza na kuta. Watoto wakakata maboksi, wakagundisha, wakapaka chokaa. Ilipofika zamu ya dari, vijiti havifiki ng'ambo! Kazi ya siku mbili ikaenda na maji. Na jawabu lilikuwa juu ya vichwa vyetu: vyumba vya nyumba za mawe hapa mjini ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mkoko zinazotumika darini hazipiti sana mita 3. Urefu wa chumba huchagua mwenye nyumba, upana huchagua mti.

Mahitaji: maboksi ya dukani, vijiti vya sentimita 30, gundi ya unga wa ngano, rula. Wembe ushike wewe.

1. Kila mtoto apime chumba kwao, kwanza kwa shibiri na mkono (mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole; shibiri 2 ni mkono 1, mikono 4 ni pima). Kaka na dada wataleta majibu mawili ya chumba kimoja. Waache wabishane kidogo, ndipo utoe futi kamba.

2. Skeli ni 1:10. Mita 1 iwe sentimita 10.

3. Upana. Kila ncha ya boriti ilale ukutani sentimita 2, basi 30 − 2 − 2 = 26. Ukuta uwe wa maboksi mawili yenye nafasi kati yake, unene sentimita 4.

4. Urefu tuseme 50, boriti kila baada ya sentimita 5. Ngapi? Darasa zima litapiga kelele: kumi! Usiwasahihishe. Wape vijiti 10 wapange. Cha kumi kitagota kwenye ukuta wa mwisho, maana mapengo ni 10 lakini boriti ni 9. Hapa mimi hutumia kipindi kizima, na sijuti.

5. Zidaka (vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu) kwenye ukuta mrefu: 5, kila kimoja upana wa sentimita 4, nafasi zilingane. 50 − 20 = 30, nafasi ni 6, kila moja 5. Wakigawa kwa 5 warudishe kwenye boriti zao.

6. Weka pakiti ya sukari ya nusu kilo juu ya dari. Kisha chomoa kijiti kimoja kimoja.

MASWALI

Mwalimu, Malindi: Wanafunzi wangu wengi wanakaa nyumba za makuti. Nifanyeje?
Jibu: Jenga ya makuti. Paa lake ni pembetatu, utapata somo la pembe ambalo mimi kwa dari bapa silipati. Chelewa (njiti za makuti) zitatosha badala ya vijiti.

Mwalimu, Faza: Nina watoto 48, maboksi yatanimaliza.
Jibu: Vikundi 8 vya watoto 6. Wenye maduka huyatupa jioni, tuma watoto wakaombe.

Mzazi, Shela: Assalam aleikum maalim. Binti yangu amesema boriti 11 na ameshikilia. Amekosea?
Jibu: Waaleikum salaam, Mama. Muulize kama ameweka moja mwanzo na moja mwisho, zikigusana na kuta. Kama ndivyo, 11 ni sawa kwa chumba chake. Mwambie aje nacho Jumatatu, awaonyeshe wale wa tisa.